Usiitike Bafuni

Wa kwanza kujibiwa alikuwa fundi.

Alikuwa ametoka uani kuchanganya simenti, na aliporudi na ndoo yake akakuta mlango wa bafu umefungwa. Akagonga kwa kidole, kistaarabu, kama mtu anavyogonga bafu la watu.

"Kuna mtu," ikajibu sauti ya mwanamume kutoka ndani, nzito, ya kifua kipana.

Fundi akaweka ndoo chini, akachuchumaa kwenye ujia, akasubiri. Alisubiri hadi simenti ikaanza kushika kwenye kingo za ndoo. Binti wa nyumba ile alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Alipotoka kwenda kunywa maji akamkuta fundi ameegemea ukuta, anachokonoa kucha.

"Fundi, mapumziko tena?"

"Sipumziki, dada. Namsubiri mzee atoke."

"Atoke wapi?"

"Si humu. Nimegonga, kanijibu mwenyewe kuna mtu."

Binti akacheka. "Choo umeking'oa wewe, sinki umeling'oa wewe. Huyo mtu amekalia kifusi? Baba yuko barazani tangu asubuhi, nimetoka kumfuta mdomo sasa hivi."

Akausukuma mlango. Bafu lilikuwa tupu. Kulikuwa na mabomba yaliyokatwa na kuzibwa kwa vitambaa, vipande vya vigae, nyundo na tindo la fundi mwenyewe, na lile shimo lililojitokeza pale hodhi la kuogea lilipong'olewa. Basi.

Fundi hakucheka. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo mtu mwenye kazi nyingi husahau. Mzee wa nyumba hii hasemi.

"Labda masikio yangu, dada," akasema taratibu. "Vumbi hili." Akachukua tofali, akalitegesha mlangoni ili usijifunge tena, akaendelea kupiga tindo, na safari hii alikaa upande ambao shimo halikuwa nyuma yake.

Mzee huyo watu walimwita Dalali, hata wanawe walipokuwa wadogo walidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Maisha yake yote alikuwa akinadi: samani za waliohama, ng'ombe, magari mabovu, viti vya ofisi zilizofungwa. Sauti yake ilipanda bila kipaza sauti, ikashuka, ikachekesha, ikamfanya mtu aondoke na kabati asilokuwa na pa kuliweka. Na sauti hiyo aliinoa bafuni. Kila asubuhi alijifungia, akajaza hodhi, akalala humo kama kiboko, akanadi. Alinadi sabuni, akanadi taulo, akamnadi mama mkwe. Vigae vilimrudishia kila neno. Nyumba nzima ilipanga foleni kwenye ujia na miswaki mkononi, ikicheka na kulalamika. Lakini akishatoka humo na kuvaa shati, nyumbani hakuwa msemaji. Maneno mazuri aliyapeleka mnadani. Mkewe alikuwa na utani wake kuhusu hilo. "Mimi naletewa makombo," alisema, na watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Kiharusi kilimkuta humo humo, ndani ya hodhi, katikati ya mnada wa sabuni. Alipotolewa, mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, mkono na mguu wa kulia vimelegea, na sauti haikuwepo. Hata kuguna hakuguna. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi, wamfanyishe mazoezi. Akili yake ilikuwa timamu. Ukimtazama machoni ulimwona yumo humo mzima, anakutazama.

Bafu lenyewe lilikuwa la umri wa ndoa yao. Vigae vya kijani cha njegere, hodhi la rangi ya chai ya maziwa lililojengewa tofali pembeni, kizingiti kirefu, na mlango mwembamba ambao kiti cha magurudumu hakikupita. Kumwogesha Dalali kulivunja migongo ya watu wawili. Siku Mama alipoteleza naye wakaanguka wote, watoto wakakubaliana kwamba sasa imetosha. Hodhi ling'olewe, sakafu isawazishwe, mlango upanuliwe, vyuma vya kujishikia vifungwe ukutani, vigae viwe vyeupe. Akaitwa fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Kesho, kwa kuwa ndilo jibu lake ukimuuliza kazi itakwisha lini.

Kesho alianza kwa kuvunja kizingiti na kuupanua mlango. Alipolivunja hodhi, chini yake hakukuta sakafu. Waliojenga zamani hawakumwaga zege pale, wakaacha udongo mtupu, na udongo ule ulikuwa umezama polepole mpaka pakawa na shimo ambalo mkono mzima uliingia na kidole hakikugusa chini. Ilitoka hewa baridi, yenye harufu ya nywele zilizolowa na sabuni iliyooza. Na udongo ulikuwa maji maji. Maji ya nyumba yalikuwa yamefungwa kwenye mita, mabomba yamekatwa, lakini kila asubuhi Kesho alikuta shimo limelowa upya, kama mdomo. Alimwaga kokoto, zikazama. Akamwaga kifusi, kikazama.

"Ardhi hii ina njaa," alimwambia binti, akijaribu kutania, lakini baada ya siku ile ya kusubiri mlangoni utani wake ulikuwa umepungua chumvi.

Mama alijibiwa mchana, saa za joto, wakati Kesho amekwenda kutafuta vigae na binti amepeleka nguo za mteja. Hapo tuseme ukweli, hakujibiwa. Aliitwa. Alikuwa chumbani anakunja mashuka, mumewe amesinzia barazani, nyumba imetulia kiasi cha kusikia jokofu likinguruma, na kutoka upande wa ujia ikaja sauti ambayo hakuisikia tangu mwaka uliopita.

"Mke wangu."

"Abee!"

Aliitika kabla hajafikiri, kama alivyoitika tangu aolewe, na neno lilipokwisha kutoka ndipo akakaa kitandani juu ya mashuka aliyoyakunja.

"Bado unaitika vizuri," sauti ikasema, ikacheka kidogo, kile kicheko cha Dalali cha kushusha bei. "Njoo karibu. Sijakuona siku nyingi."

Mtu mwingine angekimbia. Yeye alikwenda. Alikwenda akishika ukuta, akasimama mbele ya mlango uliokuwa umejifunga tena licha ya tofali, akaweka kiganja chake kwenye mbao, na mbao ilikuwa baridi na imetoa jasho. Sauti haikumtisha. Ilimwambia kwamba imeona jinsi kazi ilivyomchosha. Ikamwambia kwamba alipokuwa akipita na ndoo ya maji ya moto kipindi cha mtoto wa kwanza, mwenye sauti alikuwa akimtazama na kujiambia ana bahati, ila hakusema, na sasa anasema. Maneno ambayo mwanamke yule aliyangoja hadi nywele zikaota mvi aliyapata yote mchana mmoja, kupitia mlango wa bafu bovu.

Hakumwambia mtu.

Binti alianza kuona mambo madogo. Kigoda cha jikoni kilihamia kwenye ujia. Mama alianza kujipaka mafuta mchana na kuvaa khanga mpya za kutokea. Chakula cha Baba kilipelekwa barazani kikiwa cha moto na kikaachwa hapo mpaka nzi wakakizoea, kwa kuwa wa kumlisha alikuwa na shughuli. Binti akaacha cherehani akamlisha yeye, na Baba akawa anakula akiwa amegeuza shingo, macho yake kwenye mlango wa nyumba, kama anayesikiliza ugomvi wa majirani.

"Mama, Baba hajala."

"Nakuja."

"Mama, Baba amejilowesha."

"Nimesema nakuja."

Siku moja alasiri binti alikuwa akipinda gauni, mguu kwenye pedali, aliposikia sauti ya baba yake ikicheka. Mguu ukasimama. Akasikiliza. Ilikuwa yenyewe, nzima, na maneno kamili ndani yake. Sindano ilikuwa imechoma kitambaa nusu, akaiacha hivyo hivyo, akatoka mbio kwenda barazani huku akipiga kelele, "Baba! Baba umesema!"

Dalali alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mdomo umepinda kama jana na juzi. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni. Mkono wake mzima wa kushoto ulikuwa umeshika gurudumu kwa nguvu hadi mishipa ikasimama. Na nyuma ya binti, ndani ya nyumba, sauti ya Dalali ilikuwa bado inaongea.

Alirudi ndani akinyata, viatu mkononi, na kadiri alivyokaribia ujia ndivyo harufu ya nywele zilizolowa ilivyomjaa puani, na pamoja nayo harufu ya mafuta ya kunyolea ya baba yake, ambayo chupa yake ilitupwa siku alipotoka hospitali, na akasikia maji yakijaa taratibu kwenye kitu kipana katika chumba kisichokuwa na bomba wala chombo, na mama yake akinong'ona kama msichana, na sauti ikimjibu kwa upole ule ule ambao kwao watoto ulikuwa mgeni kabisa.

"Yule aliyekaa barazani si mimi," sauti ilikuwa ikisema. "Mimi niko humu. Nilibaki humu siku ile. Mnamlisha mgeni, mke wangu. Mnamwogesha mgeni."

"Ana macho yako," Mama akanong'ona.

"Macho ndiyo. Mwili ni wangu. Nataka mwili wangu. Mwambie fundi asifunike hapa chini."

Binti alikohoa, bila kupenda. Ndani pakanyamaza ghafla, hata maji yakanyamaza. Mama akageuka. Uso wake haukuwa na aibu wala hofu. Ulikuwa na hasira ya mtu aliyekatizwa.

"Hata mlango hamuwezi kuniachia?" akasema.

Usiku huo binti hakuzungumza naye. Asubuhi alimvizia Kesho getini kabla hajaingia.

"Fundi, funika lile shimo leo."

Kesho akatazama nyuma ya binti, kuelekea dirishani, akashusha sauti. "Mama yako kaniambia jana nisilifunike. Kanikamata shati, dada. Kasema nikimwaga zege namzika mumewe. Na mimi nasikia kila siku. Nikigonga tindo, humo chini kinagonga. Nikinyamaza, kinanyamaza. Mwanzoni kilikuwa kinakosea. Siku hizi hakikosei."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba bafu lenu linanisalimia?" Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nina shangazi yangu, mpishi wa shule, na ni mganga pia. Watu humfuata kwa mambo haya. Leo nitakwenda kumwita. Leo, siyo kesho."

Binti alipaswa kubaki nyumbani. Lakini mteja wa gauni la harusi alikuwa akipiga simu mfululizo, na duka lake halikuwa mbali, naye akajiambia atakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Alipofungua geti akirudi, kiti cha magurudumu hakikuwa barazani. Palikuwa na alama mbili za magurudumu zilizopita juu ya mkeka, zikaingia sebuleni.

Alisikia kabla hajaona. Alisikia kupumua kwa mama yake, kwa mtu anayesukuma mzigo, na mlio wa chuma kikigonga fremu ya mlango, kikirudi nyuma, kikigonga tena, na juu ya hayo sauti ya baba yake ikinadi, ikinadi kwa furaha kama asubuhi za zamani, haya mlete, mlete, bado kidogo, nani ananiongeza, mlete mke wangu, bado kidogo tu, na alipofika kwenye ujia akamwona mama yake ameinamia mishikio ya kiti, khanga imemdondoka mabegani, anakisukuma kiti ndani ya bafu kwa nguvu ambazo mwanamke wa umri wake hana, na baba yake, ambaye magurudumu ya mbele yalikuwa tayari yanalambwa na tope la shimo, ameng'ang'ania fremu ya mlango kwa mkono wake mmoja, vidole vimechubuka, kucha zimeacha mistari kwenye rangi, mdomo wake uliopinda umefunguka wazi kabisa na hautoi kitu.

"Mama!"

"Aingie," Mama alisema bila kugeuka. "Aingie, watakuwa mmoja. Atakuja kusema. Niache."

Binti alimkumbatia mama yake kiunoni na kumvuta, wakaanguka wote wawili kwenye ujia, kiti kikarudi nyuma juu ya miguu yao. Humo shimoni kitu kilivuta pumzi ndefu. Halafu sauti ya Dalali ikasema, kwa utulivu, "Mwanangu, umekuwa mkubwa," na mwenye kuambiwa akafunga mdomo wake kwa mikono miwili, kwa sababu neno la kuitika lilikuwa limemfika kwenye meno.

Shangazi yake Kesho alifika jioni ile ile, nyuma ya pikipiki, akitoka kazini. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, nguo zikinuka moshi na vitunguu vya shule. Alipoamkiwa aliitika, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote, kisha akaenda kusimama mlangoni pa bafu muda mrefu. Alirudi akaketi karibu na Dalali na kumshika mkono uliochubuka.

"Huyu wa humo ndani hakukuibia," alimwambia Dalali, si wengine. "Yeye haibi. Anaokota. Miaka yote ulikuwa ukimwaga sauti yako juu ya kichwa chake, naye akajifunza. Siku ulipoidondosha akaichukua. Hivyo vitu havina sauti vyenyewe. Na sauti peke yake haimtoshi, kwa hiyo anataka pa kuiweka."

"Anaweza kuirudisha?" Mama aliuliza kutoka kwenye kona yake.

Mganga alimtazama kwa huruma. "Hapana, dada yangu. Na unajua."

Dalali alifumba macho. Halafu akafanya kitu ambacho binti hakukitegemea. Aliinua mkono wake wa kushoto, akaonyesha ndoo za zege.

Wakafanya kabla jua halijazama. Mganga alitaka wote wawepo, Dalali mbele kabisa kwenye mlango, mkewe kando yake, binti na Kesho. Alitia ubani kwenye kigae kilichovunjika chenye makaa, akaanza kusoma maneno yake kwa sauti ya chini, ya kazi, kama mtu anayehesabu sahani. Aliwapa sharti moja tu. Litakaloita, kwa sauti ya yeyote, wasiitike.

Kesho akamwaga ndoo ya kwanza.

Kwanza sauti ilicheka. Kisha ikabembeleza. Ikamwita Mama kwa maneno ya mchana wote ule, moja baada ya jingine, na mwanamke yule akatetemeka kama nguo kwenye kamba lakini hakufungua mdomo. Zege lilipozidi, ikaacha sauti ya Dalali, na yakaanza kutoka yote yaliyowahi kusemwa katika chumba kile tangu kijengwe: mtoto akililia sabuni machoni, na binti akajisikia mwenyewe, mdogo, akiita "Mama njoo unifute," na kijana akijisemea mbele ya kioo, na Mama mwenyewe akilia peke yake bomba likiwa wazi ili wasimsikie, na bibi aliyekwisha kufa akiomba apewe mkono atoke kwenye maji, sauti juu ya sauti, zote zikiomba kitu, zote zikitaka mtu mmoja tu aseme naam, mpaka Kesho akawa anamwaga zege huku analia na binti ameuma kitambaa na damu inamtoka mdomoni, na katikati ya yote hayo Dalali amekaa wima, kimya, akilitazama shimo lake likijaa.

"Sasa," mganga akasema. "Dada yangu. Mume wako ni yupi?"

Ndani pakatulia. Kitu chote kile kilikuwa kinangoja.

"Mke wangu," sauti ikasema. Ilikuwa nzuri. Haikuwahi kuwa nzuri vile.

Mama alimtazama mwanamume aliyekuwa kando yake, mate kwenye kidevu, shati limejaa tope. Alichelewa. Wote walioona walijua kwamba alichelewa, na Dalali pia aliona. Kisha akaweka mkono wake kwenye bega lake.

"Huyu," akasema.

Hapakuwa na kelele. Zege lilitoa povu moja kubwa, likapasuka, likalala sawa. Harufu ikakatika kama umezima taa.

Kabla ya kupanda pikipiki, mganga aliwaambia neno moja zaidi. "Amezibwa, lakini siwezi kuapa yuko mbali. Msizungumze ndani ya chumba hicho. Anayeoga akitaka kitu, agonge ukuta. Kikiita kwa mdomo, kwa sauti yoyote, msiitike. Mkiitika mara moja, mmemfungulia."

Bafu likaisha. Likawa zuri, jeupe, mlango mpana, sakafu inateremka kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, vyuma vya kujishikia pande zote. Dalali alijifunza kuingia mwenyewe. Alijisukuma kwa mkono wa kushoto, akafungua bomba la mvua, akajimwagia, akagonga ukuta mara mbili akitaka taulo. Mkewe alimletea. Alimlisha kwa wakati, alimkata kucha. Hakuna aliyezungumzia ule muda aliochelewa. Na barazani, akidhani hawamwangalii, walimwona akifanya mazoezi ya daktari, akipindisha midomo, akisukuma hewa, akishindwa, akianza tena. Hakuwa akifanya hivyo zamani.

Ilitokea asubuhi yenye mawingu. Mama na binti walikuwa jikoni, chai iko motoni inachemka. Baba walimwacha barazani amesinzia.

"Njoo."

Ilitoka bafuni. Ilikuwa nzito, imepinda, imetokea kooni kama jiwe. Wanawake wawili wakatazamana. Binti akaona uso wa mama yake ukiwa wa majivu, akajua na wake uko hivyo.

"Nj... njoo."

"Amerudi," Mama alinong'ona. "Amebadilisha."

"Nyamaza, Mama. Usiitike."

Iliita tena. Iliita ikikatika, ikatulia, ikajikusanya, ikaita. Mama akaziba masikio, akainama chini ya meza kama mtu anayejificha mvua ya mawe, na binti akapandisha redio mpaka vijiko vikatetemeka kwenye sahani, akasimama ameishikilia kwa mikono miwili. Walikaa hivyo mpaka chai ikamwagika na kuzima jiko. Walipozima redio palikuwa kimya, ila maji tu, yakimwagika mbali.

"Amekwenda," binti akasema. "Tumemshinda." Akamimina chai iliyobaki, akatoka nayo barazani kumpelekea baba yake.

Kiti hakikuwepo.

Walimkuta chini ya bomba la mvua, kwenye vigae vyeupe. Alikuwa ameanguka kwa upande wa kushoto, na mkono wake mzima, mkono wa kugonga, umelaliwa na mwili wote. Maji ya baridi yalikuwa yamemmiminikia tangu hapo. Midomo yake ilikuwa ya bluu, lakini macho yalikuwa wazi, na yakawaona. Mama akaanguka magotini, akamwinua kichwa.

"Njo...o," Dalali akamwambia mkewe, usoni, polepole, kwa mdomo wake mwenyewe. Ilikuwa sauti ileile iliyoita. Kisha hakupumua tena.

Hakulia, mama yule. Alikuwa akimfuta maji usoni kwa khanga na maji yakizidi kumwagika, na binti alikuwa ametafuta bomba kwa mkono, akalifunga, na kimya kikashuka juu ya wote watatu. Matone ya mwisho yakateremka sakafuni, yakaingia kwenye tundu la maji.

"Njo...o."

Binti alimtazama baba yake. Midomo ilikuwa imefumba. Ilitoka chini, kwenye tundu, nzito, imepinda upande mmoja, bado inajaribiwa.

Alimgeukia mama yake amzibe mdomo, lakini Mama alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kuitika.